Kicheko cha Karani

Mara ya tano walicheka tena, na safari hii Damasi alivua kofia akaibamiza chini.

"Kata! Wilbert, zima hiyo kamera! Nyie watu mna nini?"

Watu thelathini waliokaa kwenye mabenchi, ndani ya ghala la mahindi lililokodishwa Bagara, wakacheka zaidi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekaa nyuma alichomoa simu akaanza kurekodi.

"Babu Kiraka kawaka! Hii ikipanda leo, mjini hapakaliki!"

"Weka simu hiyo," Damasi alisema. "Weka kabla sijaja kuivunja."

"Mnaona? Mnaona jicho hilo?" kijana alisema, na ghala likalipuka upya.

Kwa miaka tisa Damasi alikuwa Babu Kiraka, mzee wa kutoka milimani Mbulu, koti lina viraka, Kiswahili kinachechemea, anashuka Babati kuuza maharage halafu anapotea stendi. Klipu zake zilifika simu za watu hata Dar es Salaam. Akipita sokoni wanamwita. Akiingia kanisani, kwaya wanaziba midomo. Siku ya kumzika baba yake, mtu mmoja alimnong'oneza palepale kaburini, "Sema kidogo basi kama Babu Kiraka, utuchangamshe." Damasi angeweza kuchora sura ya mtu yule hadi leo.

Baada ya mazishi aliacha vichekesho. Alikaa nyumbani kwao Nakwa mwaka mzima akaandika filamu, akaamua kuiongoza mwenyewe, na nafasi ya baba yake aicheze mwenyewe. Filamu yote iliegemea dakika saba. Mzee anasimama mbele ya baraza kutetea shamba lake. Watu wanamsikiliza kimya. Halafu karani anakicheka Kiswahili chake, ukumbi unamfuata karani, na mzee anakaa chini kabla hajamaliza. Shamba linakwenda. Ndivyo ilivyotokea kweli, miaka thelathini iliyopita. Damasi alitaka watu wamsikilize baba yake walau mara moja, kwenye filamu, kwa sababu kwenye baraza hawakumsikiliza. Basi.

Lakini kila alipofungua mdomo walicheka tangu neno la kwanza.

"Mtacheka karani akicheka," aliwaambia, jasho likimtiririka. "Kabla ya hapo mnasikiliza. Huyu ni baba yangu, mnaelewa? Siyo Kiraka!"

"Sasa mbona sauti ni ya Kiraka?" aliuliza Veronica, muuza mboga, akijifuta machozi ya kicheko. "Utusamehe bwana. Tunajizuia, inatoka yenyewe."

Wakarudia mara ya sita. Damasi alisimama, akashika mgongo wa kiti kama baba yake, akasema, "Mimi nataka nisikizwe." Sekunde moja ya ukimya. Kisha mabenchi yakatikisika.

Alipiga teke kiti. Kikaanguka na mguu ukavunjika. Hakuna aliyekicheka kiti, angalau hilo.

Mama yake, Kandida, alikuwa benchi la mbele. Alipewa nafasi ya mke wa mzee, yaani yeye mwenyewe, asiyesema neno. Asubuhi nzima hakuwa amecheka.

"Damasi," alisema. "Baba yako hakuwa hivyo."

"Mama, ndivyo alivyoongea! Neno kwa neno!"

"Aliongea hivyo. Lakini wewe ukimaliza neno unanyamaza, unatusubiri tucheke. Baba yako hakumsubiri mtu. Alikuwa na haraka, aliogopa watamkatiza."

Damasi alihisi kofi lingekuwa afadhali. Miaka tisa alikuwa ameufundisha mdomo wake kuacha ile nafasi, na sasa mdomo haukumtii.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"La nani? Hawa si umewafundisha wewe?"

"Nilikuwa natafuta kula, Mama! Mlikula nyote! Na yeye alikula!"

"Alikula. Na klipu yako aliiangalia mara moja. Akasema, huyu mtoto ameniiga vizuri. Hakuomba aonyeshwe nyingine."

Damasi alisimama pale na koti lake la kuazima, hasira imemjaa hadi masikioni na hana wa kumtupia. Kandida akainuka, akakaza kitenge kiunoni, akaja mbele.

"Kaa," alimwambia. "Nitasema mimi. Siku ile nilitaka kusimama, wakaniambia mwanamke ukae. Leo sikai."

Wilbert, mpiga kamera, alimtazama Damasi. Damasi akaitikia kwa kichwa, kwa shida.

Sasa Hilary, mwalimu aliyepewa nafasi ya karani, akaweka kalamu mezani.

"Mdogo wangu, tafuta mtu mwingine. Nimcheke Mama Damasi mbele ya uso wake? Nitakutana naye vipi kanisani? Hapana."

Hakuna mwingine aliyekubali. Mmoja mmoja waliangalia sakafu, hata yule wa bodaboda. Damasi akavua lile koti la kuazima, akaenda kukaa kwenye meza ya karani.

"Anza," alisema.

Kandida hakushika kiti. Alisema haraka, kama mtu anayevuka barabara, kwa Kiswahili kilekile cha mumewe.

"Hii shamba tumelima mimi na mume wangu. Mwaka ya jua kali tulikula mbegu, tukaomba mbegu kwa watu, tukapanda tena. Mpaka yetu ni ule mti mkubwa. Wameukata usiku. Lakini kisiki iko. Nendeni mkaangalie kisiki!"

Veronica alikuwa amefunika mdomo kwa khanga, lakini si kwa kicheko. Hapo ndipo karani alitakiwa kucheka. Damasi alikuwa ameandika hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Akafungua mdomo, kikatoka kicheko chembamba, cha aibu.

Kandida akanyamaza. Akamgeukia.

"Hapana. Yule hakucheka hivyo. Alicheka mpaka akafuta macho. Na wewe ulikuwa dirishani na wenzako, ukacheka naye. Nilikuona."

"Mama, nilikuwa mtoto."

"Sijakuuliza umri. Rudia."

"Hiyo inatosha, tutaiunga tu na..."

"Nimesema rudia! Unataka watu waone walichomfanyia baba yako, au unataka wakuonee huruma wewe?"

Wilbert akarudisha kamera mwanzo. Kandida akaanza upya: mbegu, jua, mpaka, kisiki. Na Damasi akacheka. Alicheka kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mabega yakiruka, akapiga meza, akafuta macho kwa kiganja. Kilikuwa kicheko kizuri kuliko vyote alivyowahi kutoa, na alikichukia tangu kilipoanza.

Mabenchi yalitakiwa kumfuata. Hakufuata hata mmoja.

Kandida alitakiwa kukaa. Hakukaa. Wilbert aliinua mkono akisubiri amri ya kukata, na Damasi hakuitoa. Mama yake akasogea hadi mezani, akayaangalia machozi yaliyokuwa yakimtoka Damasi.

"Umemaliza, karani?" alisema. "Sasa andika. Mti aliukata nani, na nani alikuwa ameshika taa. Majina ninayo."

Damasi akashika kalamu.