Nyama ya Siku Mbili

Msichana wa buchani alipozisikia kandambili za fundi cherehani, aliinama akaanza kuifuta mizani ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Leo sinunui, mwanangu," fundi alisema. "Nimepita kuwasalimia tu."

Akaeleza taratibu. Tangu mumewe apooze upande mmoja, taya lilikuwa bado linaimudu nyama ya hapa, ile iliyotundikwa kwenye baridi siku kumi na nne hadi ikalainika, ikikaangwa juu juu. Ya kuchemsha haitaki. Anasema ni ya wagonjwa. Jumamosi alitafuna, akatafuna, akaitoa mdomoni na kuifunika kwa kisosi. Amesema mwili umeshamuaga, wasimsumbue. Sasa ni uji tu, na hata huo anaunywa akitazama ukuta.

Msichana aliendelea kufuta.

Jumamosi ile paja lililokomaa, la siku kumi na nne, lilikuwa limeisha. Aliona haya kumrudisha mama huyu mikono mitupu, basi akachomoa kikaratasi cha tarehe kwenye ndoano tupu, akakibandika kwenye paja la siku mbili.

Na alijua ingekuwa ngumu. Mjomba wake, mwenye bucha, alimfundisha mapema: protini huzishika nyuzi za nyama kama mishono, na nyama ikikaa kwenye baridi hujifumua yenyewe, mshono mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiibonyeza kwa dole gumba, ya juzi huinuka. Iliyokomaa hubaki na kishimo. "Ukiisemea uongo," alimwambia, "meno ya watu yatakuumbua."

Meno ya mume wa fundi hayakumuumbua. Yalijilaumu yenyewe.

Nyuma ya pazia, msumeno wa mjomba ulinyamaza. Msichana, ambaye hata bei huitaja kwa kunong'ona, aliweka kitambaa chini.

"Mama, baba hajazidiwa. Nyama ilikuwa ya siku mbili. Mimi ndiye niliyebadilisha tarehe."

Fundi alishika tepu iliyoning'inia shingoni mwake, akaivuta huku na huku.

"Siku tatu," alisema, "mume wangu ananiusia."

Mjomba akatokeza. Hakugomba. Alifungua mlango wa chumba cha baridi, akasimama pembeni.

Msichana akaingia, akayapita mapaja mekundu mpaka ndoano ya mwisho. Tarehe hakuisoma. Alibonyeza, akaondoa kidole, akasubiri kuona kama kishimo kitabaki. Baridi ilimpanda magotini. Huko nje hakusikia kandambili zikiondoka, wala fundi akivuta kiti akae.