Kivuko Kilichovishwa Ngozi ya Papa

Mtafiti yule, wafanyakazi wa gatini walimbandika jina la Bibi Papa. Kila alipowatembelea alikuwa na hadithi moja: papa haoti mwani. Ngozi yake ina matuta madogo mno, na vijidudu vya baharini havipati pa kung'ang'ania. Yeye aliyaiga matuta hayo kwenye utando wa mpira, na chombo cha kwanza kuvishwa kikawa kivuko cha baba yake, nahodha.

Kilipokuwa kikienda na kurudi, tumbo lake lilibaki safi kama sahani iliyooshwa. Nahodha akavimba kichwa. "Wenzangu watoto wenu wanawanunulia mashati," aliwatania. "Wangu kavisha kivuko kizima!"

Kisha injini ikafa. Kipuri kikaagizwa ng'ambo, kivuko kikafungwa gatini.

Hapo ndipo Bibi Papa alipoanza kukosa raha. Utando wake ulitegemea mwendo, maji yapite kwa kasi yakikumba kila kinachojaribu kujishika. Alikwenda kwa mkuu wa gati kuomba kivuko kivutwe, japo mzunguko mmoja.

"Dada, boti ya kuvuta ninayo moja, na meli zinaisubiri," mkuu alimjibu, wala hakuwa mkali. "Vumilia. Kipuri kikija kitatembea chenyewe."

Kipuri kikachelewa. Kila asubuhi alilala kifudifudi ukingoni, akanyoosha mkono na kupapasa ubavu wa kivuko. Kwanza alikuta ute. Halafu manyoya ya kijani. Halafu magamba meupe ya vijidudu vya baharini, makali kama wembe, yaliyomchana vidole.

"Nikwangue?" nahodha aliuliza, chuma mkononi.

"Ukikwangua, baba, unaichuna na ngozi yenyewe."

"Na nisipokwangua?"

Baba alikiweka chuma chini polepole, kama aliyekosea.

Kipuri kilipofika, mkaguzi alichungulia majini mara moja tu, akakataa kivuko kiondoke na uchafu ule. Wazamiaji wakashuka na vyuma vya kukwangulia. Vipande vya utando vikaanza kuibuka, kimoja kimoja, magamba yakiwa yamevishikilia.

"Pole, mama," nahodha alisema, akimshika bega. "Twende nyumbani."

"Tangulia, baba."

Alibaki amesimama, mikono kichwani, huku chini yake vyuma vikiendelea kukwaruza.