Kibendera cha Kacper

Watu wakiona picha za kikosi chetu siku hizi, sisi Wapolandi wapanda farasi wa mikuki tuliopigana upande wa Wafaransa, wanasifia nguo tu. Koti la buluu lenye kifua chekundu, kofia ya pembe nne, unyoya mweupe juu. Nasi tulikuwa tunaringa, nisiseme uongo. Lakini hakuna mchoraji aliyetuchora tukirudi kutoka Moscow, maana mle hamna cha kuuza.

Shemeji yangu Kacper alikuwa amemuoa dada yangu Salomea mwaka ule ule tulioondoka. Siku tunapanda farasi, Salomea alinishika hatamu akaniambia, "Kaka Gaweł, wewe nakujua, utarudi tu. Sasa mume wangu nirudishie." Nikamwambia nitamrudisha. Vita vizima sikuwa na kazi nyingine kichwani.

Kwenye theluji, nguo zile zilipoteza maana. Kofia tulizifunika kwa kitambaa cha nta, makoti tukayafukia chini ya ngozi za kondoo za wakulima. Mtu hukumjua kama ni Mpolandi, Mfaransa au shetani. Kilichobaki cha kututambulisha ni kibendera kwenye ncha ya mkuki, nusu nyekundu na nusu nyeupe. Wakozaki, wale wapanda farasi wa Urusi, nao wana mikuki, ila yao ni mitupu. Kwa hiyo kapteni akatuonya kila asubuhi: fanyeni mnavyotaka, kibendera kisitoke.

Buti zangu zikapasuka. Kufikia mchana sikuzisikia nyayo tena. Kacper akateremka kwenye farasi, akanivua buti bila kuniuliza.

"Shemeji, miguu yako inanuka hadi Warsaw."

"Niache."

"Nikuache wapi? Dada yako atanichuna ngozi." Akang'oa kibendera chake, akakipasua katikati, akanifunga mguu huu na huu.

"Kacper, kirudishe. Umemsikia kapteni."

"Kapteni ana soksi," akasema. "Chako si kipo? Mimi nitakaa nyuma yako. Tukivuka mto ule wa mbele nitashona kingine."

Nilibishana naye mpaka meno yakashindwa kufunguka. Mbishi yule. Nami miguu ilianza kuuma, na kuuma kule kulikuwa kutamu, kwa sababu maana yake bado iko hai.

Tulikaribia daraja la mto ule ukungu ukiwa mzito. Upande wa pili kulikuwa na askari wa miguu wa Kifaransa, wenzetu, wamewasha moto. Farasi wangu alikuwa amechoka, akapiga magoti, nikaanguka naye. Kacper akanipita. "Tulia hapo," akasema, "nawaita waje wakubebe." Akatangulia na mkuki wake mtupu, na ngozi ya kondoo mgongoni, akiwasalimu kwa sauti. Kwa Kipolandi, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Ulimi ukiganda kwa baridi hutoa lugha ya mama, na masikioni mwa Mfaransa Kipolandi na Kirusi ni kimoja.

Walifyatua wote pamoja.

Nilipofika kwa kutambaa, walikuwa wameshamfunua. Sajenti wao aliiona buluu na nyekundu ya koti chini ya ngozi, akakaa chini kwenye theluji. "Tulidhani Mkozaki," akasema, akarudia, akarudia. Nilitaka kumuua. Mikono haikuweza kushika kitu. Basi nililia tu, na machozi yakaganda ndevuni.

Nilifika kwetu wakati wanaanza kulima. Salomea alitoka na unga mikononi, akatazama nyuma yangu barabarani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Wakozaki?" akauliza mwishowe.

Uongo nilikuwa nao tayari, nimeubeba njia nzima. Ukanikwama. "Wenzetu," nikasema. "Mkuki wake haukuwa na kibendera."

"Kacper hakuwa mzembe."

"Hakuwa. Alinifunga nacho miguu."

Akayashusha macho miguuni kwangu. Nilitamani nisiwe na miguu.

"Vidole vyote vipo?"

"Vyote."

Akajifuta unga kwa aproni, kidole kimoja kimoja. "Basi ingia ule," akasema. "Shamba lake halina wa kulilima."

Nalilima mpaka leo. Chakula ananipa, nguo ananifulia. Ila neno kaka halijamtoka tena kinywani.