Simba Anatazama Wapi

Fulana arobaini, na zote zimechapwa kinyume! Nilipiga kelele mpaka wasukuma mikokoteni pale soko la nguo la Zhanxi wakasimama kutazama. Laoban, kama Wachina wanavyomwita mwenye duka, alinyanyua mikono tu. "Mei banfa, dada. Hakuna namna."

Jumamosi baba yangu, Mwalimu Abeli, alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na nane ya kufundisha historia Iringa. Misri hajawahi kukanyaga, lakini maandishi ya Wamisri wa kale anayachora ubaoni kwa chaki mpaka ungedhani simba atanguruma. Kila darasa alilionyesha jina lake Abeli kwa alama hizo: tai, mguu, simba, jani la tete. Mwishoni aliongeza kitambaa kilichokunjwa, alama ya afya. Hayo ndiyo niliyotaka yakae vifuani mwa wanafunzi wake wa zamani. Na ndege yangu ilikuwa asubuhi inayofuata.

"Mpigie tu huyo mzee, manze," alisema Mueni, mfanyabiashara mwenzangu wa Nairobi. "Kumficha haisaidii."

Nilipiga, nikaielekeza kamera kwenye fulana, machozi yakinilenga. "Nisamehe, baba. Wamenigeuzia jina lako."

Baba alivaa miwani, akasogeza uso karibu na simu. "Natalia, simba anatazama wapi?"

"Kulia."

"Basi anza kusoma kulia. Wale watu waliandika pande zote mbili, mama. Wanyama wao hutazama mwanzo wa mstari, ili msomaji akutane na nyuso zao. Milangoni waliandika huku na huku, nyuso zikatazamana." Akacheka. "Mimi ndiye niliyewafundisha upande mmoja tu, kwa uvivu."

Jamani, watu wale! Maelfu ya miaka iliyopita, na kosa la mashine ya Zhanxi walishaliwekea nafasi. Nilicheka huku nalia, nikamwonea baba fahari.

"Ila yangu ichapwe kama ya ubaoni," akasema. "Nikisimama kando ya wanafunzi wangu, simba wetu watazamane."

Nilimrudia laoban, ambaye nilikuwa nimemtukana mbele ya watu. Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba fulana moja zaidi, iliyogeuzwa ili simba atazame kushoto, kama ubaoni. Alinitazama kana kwamba nina wazimu, lakini akaichapa. Ilikuwa bado ya moto nilipoikunja mwenyewe, taratibu, mpaka ikafanana na ile alama ya mwisho ya jina la baba.