Besi ya Roméo

Emérithe alipanda jukwaani pale uwanja wa Sergels Torg amevaa kitenge cha kwaya na koti zito juu yake, kwa kuwa Mei ya Stockholm haiaminiki. Tamasha lilikuwa la kupinga vifungo virefu vya bangi. Mwanawe, Roméo, alikuwa jela kwa kuwagawia rafiki zake bangi. Mahakama iliona kugawa na kuuza ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Sasa tumaini lilibaki kwenye rufaa. Kwaya ya kanisa ilikataa kumsindikiza mama huyo. Gédéon, kiongozi wa kwaya, alisema kanisa na moshi havikai nyumba moja.

Emérithe akafungua kinywa, ikatoka sauti ya Roméo, besi nene ileile. Iliimba beti mbili, ikakohoa, ikaomba maji. Wapiga gitaa wakashusha muziki kidogo ili uifae sauti hiyo. Polisi wawili walikuja kuipima mkojo, wakaelezwa kuwa sauti haikojoi, wakashukuru, wakaenda zao.

Huko jela Roméo akawa bubu. Mlinzi alimpigia mama simu kuuliza kama sauti ilifika salama.

"Ipo hapa," alisema Emérithe. "Mwambie avae soksi."

Kabla ya Jumapili Gédéon alibisha hodi nyumbani kwa Emérithe, mtaa wa Hallunda, keki mkononi.

"Mama Roméo, besi imetukaukia," alisema. "Ilete kanisani. Ila isiseme imetoka wapi."

Emérithe alitamani kumfungia mlango usoni. Lakini sauti yenyewe ilizipenda zile nyimbo, basi akaipeleka. Waumini walilia kwa furaha, na hakuna aliyemtaja Roméo.

Siku ya rufaa Roméo alisimama, akachezesha midomo. Jaji alimsubiri kwa adabu. Ndipo Emérithe aliposimama viti vya nyuma, na sauti ya mwanawe ikaeleza yote: ikakiri, ikajuta, ikaomba kurudi nyumbani. Wakili alithibitisha kuwa ni ya mteja wake. Jaji naye alikubali, hilo halikuwa na ubishi. Kisha akamwomba mama akae, maana wasikilizaji hawaruhusiwi kusema. Kifungo kikabaki kilekile: mshtakiwa, alisoma jaji, hakuonyesha majuto yoyote.

Ndani ya treni ya kurudi, sauti ilimuuliza kwa Kiswidi, kama Roméo alivyozoea, ikiwa amekula.

"Nimekula, mwanangu," alijibu Emérithe, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.