Jukwaa la Mama Mkwe

Vidole vya mguu wa mama mkwe vilikuwa vimeanza kubadilika rangi, na fundi alikuwa bado anapiga msasa.

"Msasa?" Mke wake alisimama mlangoni pa karakana, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. "Mguu wa mama unakufa, wewe unapiga msasa?"

"Dakika moja tu. Ukingo una vibanzi, vitamchoma."

"Vimchome! Vikimchoma angalau tutajua bado anasikia!"

Fundi alipuliza unga wa mbao, akapitisha kiganja ukingoni, akasugua tena. Ndivyo alivyokuwa. Alitengeneza vitanda, na vitanda vyake havikulia hata maharusi wakilala juu yake. Hilo alikuwa akilisema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya yeyote, na hakuna aliyewahi kumrudishia kitanda kumuumbua.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kusifu kitanda chake ni huyo aliyelala chumba cha pili sasa hivi, ameuma kona ya shuka. Siku ya posa, mama mkwe alimtazama fundi kuanzia kichwani hadi kwenye kucha zenye gundi, akauliza, "Binti yangu anaolewa na mtu au na mbao?" Mpaka leo alikuwa akilalia kitanda chake cha chuma chenye kutu. Fundi alimwahidi kipya mara nyingi, naye kila mara alijibu kwamba hiki kinamtosha, mkwe asijisumbue.

Jana asubuhi mama mkwe aliteleza kwenye sabuni penye kamba ya kuanikia nguo, paja likavunjika karibu na nyonga. Pale zahanati walimfunga banzi, mbao mbili ndefu kutoka kwapani hadi kisiginoni, wakasema asikunje mguu hata kidogo. Leo muuguzi alipita kumjulia hali. Alibonyeza kidole gumba cha mguu, akangoja, akabonyeza tena, uso ukamgeuka. Damu haikuwa ikipita vizuri. Hospitali kuu, alisema, kuna daktari wa mifupa anayekuja mara chache, na leo yupo hadi alasiri. Wakimkosa huyo, waliobaki wanajua dawa moja tu ya mguu wa namna hiyo.

"Dawa gani?" mke wa fundi aliuliza.

Muuguzi aliinamisha macho, akakata hewa kwa ubavu wa kiganja.

Gari la wagonjwa lilikuwa gereji, injini imeshushwa chini. Lililobaki ni teksi ya mjomba, mdogo wake mama mkwe, gari refu kuukuu lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Lakini mama mkwe alikuwa mrefu, naye asingeweza kuketi. Viti vya nyuma vikilazwa viliacha mwinuko kama ngazi, na mtu mwenye nyonga iliyovunjika halazwi juu ya ngazi. Vikitolewa kabisa, sakafu ilibaki na bolti zilizochomoza kama meno, na katikati shimo la tairi la akiba. Kwa hiyo viti vitoke, na fundi atengeneze kitu cha kukaa juu ya hayo yote, kiwe tambarare, kiingie na kutoka.

Mjomba aliitwa Klachi, jina alilopewa na madereva wenzake kwa kuunguza klachi tatu kabla ya kujifunza kuinua mguu. Alikubali viti vitolewe, ila kwa shingo upande.

"Hutoboi tundu hata moja, fundi," alisema, spana mkononi. "Hupigilii msumari. Dada yangu nampenda, lakini na hili gari ndilo linalonilisha. Hilo jukwaa lako liingie kama mgeni na litoke kama mgeni."

"Litatoka, mjomba. Litashika sakafu kwa uzito wake tu."

Fundi alipima urefu wa gari kutoka migongo ya viti vya mbele hadi mlango wa nyuma. Akapima upana kati ya matao ya magurudumu. Alipima mara mbili, kwa sababu alitaka kitu hiki, cha kwanza ambacho mama mkwe angelalia kutoka mikononi mwake, kisiwe na kasoro. Akakata mbao, akatoboa vishimo, akachonga ndimi za kuingia humo, akaunga matendegu kwa gundi na kuyabana. Misumari ingemaliza kazi kwa nusu ya muda. Mkewe alimwambia hivyo, naye akasema msumari ni kazi ya watu wa makreti.

Sasa hatimaye aliweka msasa chini. "Tayari."

Kiliingia garini kama droo kwenye kabati lake. Mjomba Klachi alipiga makofi. "Mkono huu mkono! Hata kiwandani hawawezi!" Fundi alivimba kichwa kidogo, ingawa mkewe alikuwa tayari anakimbilia chumbani.

Walimtoa mama mkwe juu ya godoro jembamba lililowekewa ubao, mjomba na fundi upande wa kichwa, binti yake na muuguzi miguuni. Uso wa mama ulikuwa umekauka, lakini ulimi haukuvunjika pamoja na paja.

"Mnanibeba kama sofa," alisema. "Angalieni milango yenu msiikwaruze."

"Jikaze, dada," mjomba alisema. "Tumefika."

Waliinua godoro hadi ukingo wa mlango wa nyuma, wakalisukuma juu ya jukwaa, kichwa kwanza. Kichwa kiliingia. Mabega yakaingia. Kisha paji la uso wa mama likagusa dari ya gari. Ile mito miwili waliyomwekea kuinua mguu ilikwama mlangoni, banzi likagonga chuma, na mama mkwe akatoa ukelele ambao fundi hakujua kwamba mtu mzima anao.

"Rudisheni! Rudisheni nyuma!"

Walimrudisha, wakamlaza uani, kivulini mwa ukuta. Alikuwa akihema. Alifumbua jicho moja, akakitazama kile kitu ndani ya gari.

"Mkwe," alisema, "umenitengenezea kitanda au rafu ya vyombo?"

Fundi aliingiza mkono kati ya ubao na dari. Aliliangalia tendegu. Lilimfika gotini. Bila shaka lilimfika gotini! Kitanda hufika gotini, ili mtu aketi ukingoni na nyayo zikanyage chini. Urefu alikuwa ameupima, na upana pia, ila kimo hakukipima kabisa, kwa maana hajawahi kukipima maishani mwake. Mkono wake ulikijua. Tangu aanze kazi mkono wake ulikata tendegu la kimo hicho, na leo ulikata tena, ndani ya gari, mahali ambapo hakuna mtu atakayeketi ukingoni.

"Ng'oa hayo matendegu!" mjomba alipiga kelele. "Yang'oe, alale kwenye ubao!"

"Hayang'oki."

"Hayang'oki vipi?"

"Nimeyaunga kwa ulimi na gundi. Nikiyapiga nyundo, fremu itapasuka. Na ubao mtupu utakaa juu ya bolti zako, utayumba kwenye shimo la tairi."

"Si ulikuwa na misumari!" Mkewe sasa alikuwa analia, na kilio hicho kilikuwa na hasira. "Nilikuambia piga misumari! Ulikuwa unamtengenezea nani, mama yangu au sifa zako?"

Maneno hayo yalimwingia mpaka kwenye mfupa. Alivuta jukwaa nje, akalipindua uani, matendegu juu kama mbuzi aliyekufa, akachukua msumeno.

"Muuguzi, vidole vikoje?"

Muuguzi alibonyeza. "Vya baridi. Kata, fundi. Kata tu."

Alihitaji kimo cha kiganja, kiasi cha kuruka bolti. Hakutafuta rula. Aliweka kiganja kwenye tendegu, akachora kwa ukucha, akakata. Mbao aliyoichagua mwenyewe kwa ugumu wake sasa ilimgomea, msumeno ukauma, ukakwama, ukauma tena. Tendegu la kwanza likaanguka. Mjomba Klachi alipiga magoti na kubana fremu kwa kifua chake. La pili. Jasho lilimwingia fundi machoni. La tatu. Nyuma yake alisikia mama mkwe akigumia kidogo kidogo, kama mtu anayejizuia mbele ya wageni.

"Vimekuwa rangi ya risasi," muuguzi alisema.

Fundi akausukuma msumeno kwa nguvu zote, ukaruka, ukaingia chini ya alama. Alijua. Aliliona kosa lilipokuwa likitendeka na hakusimama, kwa sababu kusimama kulikuwa na bei asiyoiweza. Tendegu la nne likaanguka, fupi kuliko wenzake.

Walipolirudisha garini lilicheza. Ukiligusa kona, lilipiga sakafu kama mtu anayebisha hodi. Fundi alitupa macho huku na huko akitafuta kipande cha kuegemeza, na mjomba, bila neno, alivua kandambili yake ya kushoto, akaisokomeza chini ya tendegu fupi.

"Twende," alisema. "Nitaendesha peku. Labda sasa klachi itanihurumia."

Safari hii mama mkwe aliingia. Banzi lilipita mlangoni, uso wake ukabaki mbali na dari. Muuguzi alibaki kwa kukosa nafasi, mke wa fundi akakaa mbele na mjomba. Fundi alijikunja kwenye upenyo uliobaki, magoti kifuani, bega chini ya kona ile mbovu, maana kandambili ilikuwa ikiteleza.

Barabara ilikuwa mashimo tupu. Mjomba aliyakwepa aliyoweza, na asiyoweza aliyapigia kelele kabla, "Shimo!" Fundi alilibeba jukwaa kwa bega ili pigo lianzie kwake. Ngozi ilichubuka. Ubao ulilia. Kila gurudumu lilipozama ulitoa mlio mrefu, mwembamba, wa aibu, ule mlio ambao kwa miaka yote aliwaapia wateja kwamba hawatausikia.

"Mkwe," mama alisema, macho amefumba.

"Naam, mama."

"Kinalia."

"Kinalia, mama."

"Maharusi watakucheka."

"Shimo!" mjomba alipiga kelele, na wote wanne wakapigwa. Mama mkwe alinyoosha mkono kutafuta kitu cha kushika, akapata kifundo cha mkono wa fundi, akakibana hadi kucha zikaingia. Hakukiachia tena. Fundi aliona ni neema kwamba kucha zile bado zina nguvu, akasogeza bega ndani zaidi.

"Haraka, mjomba," mkewe alisema mbele. "Jua limeshapinda. Haraka, nakuomba."

"Nikienda haraka namvunja, nikienda polepole tunamkosa daktari. Nichagulie wewe."

Mkewe alijifunika uso.

Waliingia uwanja wa hospitali, na hapo mlangoni, kwenye maegesho, mwanamume mwenye mkoba alikuwa akifungua gari lake. Mke wa fundi hakuuliza kama ndiye. Alifungua mlango teksi ikiwa bado inatembea, akakimbia, akasimama mbele ya boneti ya yule mtu, mikono ameitandaza.

"Wewe ni wa mifupa?"

"Dada, nimemaliza kazi. Nina safari."

"Hupiti. Nikanyage, lakini hupiti hujamwona mama yangu."

Daktari alimtazama, akatazama teksi isiyo na viti, na mtu aliyejikunja ndani yake kama mzigo. Aliweka mkoba chini. Alikuja mlango wa nyuma, akabonyeza kidole gumba cha mama mkwe kwa ukucha, akaachia.

Kidole kilibaki cheupe. Wote walikitazama. Fundi alikuwa upande wa kichwa, lakini alirefusha shingo akaona, na katika kungoja kule alitamani hata kuomba msamaha, ila hakujua amwombe nani kwanza.

"Tangu lini kiko hivi?" daktari aliuliza.

"Asubuhi."

"Mngeweza kufika mapema zaidi?"

Mkewe aligeuka akamtazama fundi, kisha akatazama chini.

"Tungeweza," fundi alisema. "Mimi ndiye niliyechelewesha."

Daktari hakuwa na nafasi ya kusikiliza habari hizo. "Msimhamishe hapo alipo. Hiki kitu kinatoka?"

"Kinatoka."

"Basi kitoe naye juu yake. Moja kwa moja chumba cha upasuaji."

Wabebaji wawili walikuja mbio. Fundi na mjomba walivuta jukwaa, likateleza nje bila kugoma, nao wakashika pembe nne na kuinua. Mbebaji wa kushoto, kijana mwenye mabega mapana, alitupa jicho chini akaona matendegu.

"Duh! Kila tendegu na kimo chake. Fundi gani huyu?"

"Ni mimi," fundi alisema. "Shika vizuri upande wako, unaelemea."

Walipita ukumbi mrefu, mjomba akikanyaga saruji kwa mguu mmoja mtupu. Mama mkwe bado alikuwa amekishika kifundo cha fundi, kwa hiyo fundi alibeba kwa mkono mmoja. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji muuguzi mwingine alivibandua vidole vile kimoja kimoja.

"Nitajaribu kuuokoa mguu," daktari alisema akinawa mikono. "Siahidi."

Mlango ulifungwa. Mjomba alikaa chini palepale, fundi kwenye benchi. Mke wa fundi alibaki amesimama, mgongo kwa mumewe, na kwa kitambo kirefu fundi aliona atakuwa akiuona mgongo huo tu maisha yake yote.

"Daktari alipokiachia kile kidole cha mguu," alisema mwishowe bila kugeuka, "rangi ilirudi? Mimi machozi yalinizuia. Wewe uliona?"

Fundi alikuwa ameona kitu, chepesi mno, wekundu kiasi cha alama ya ukucha kwenye mbao. Au alitaka kuona. Angeweza kuapa, alikuwa hodari wa kuapa.

"Nadhani ilirudi," alisema. "Sina hakika."

Mkewe aliitikia kwa kichwa taratibu, akaja akakaa kwenye benchi kando yake, bega lake likaangukia lile bega lililochubuka. Lilimuuma. Hakulisogeza. Wote wawili waliutazama mlango.