Boya la Tata Stanislas

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, saa nane mchana, Tata Stanislas alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake katika mtaa wa Dilala, bisibisi mdomoni, akifunga boya dogo la umeme ndani ya kioo cha samaki, tangi la kufugia. Kioo kilikuwa cha binti yake Gloire, aliyekwenda Lubumbashi kusoma akawaachia wazazi samaki saba na maagizo mengi. Joto la mwezi ule lilikuwa linakunywa maji ya kioo vidole viwili kila siku, na mkewe, Laurentine, alikuwa amekataa katakata kuyaongeza.

"Mi nabeba mayi ya bantu," alisema. "Ya samaki utabeba weye."

Haki yake. Kisima cha uani kilikauka miaka tisa iliyopita, na tangu hapo alikuwa akitembea na bidoni, dumu lake la maji, kila asubuhi mpaka bombani kule Manika. Stanislas hakuwahi kwenda. Mzee mzima katika foleni ya wanawake, watu wangesema nini? Basi akatafuta njia ya kifundi: bidoni la lita ishirini chini ya meza, pampu ndogo inayokula betri ya pikipiki, mpira mwembamba, na boya. Maji ya kioo yakishuka, boya linashuka, pampu inaamka na kuongeza yenyewe. Nani abebe nini tena?

Ila miaka thelathini na mmoja si mchezo. Muda wote huo Stanislas alikuwa mtu wa pampu mgodini, na kazi yake ilikuwa kutoa maji shimoni ili wenzake wachimbe shaba pakavu. Huko mambo hufungwa kinyume: maji yakipanda, pampu inayafukuza. Mikono yake ikafunga ilivyozoea, pampu kiooni, mpira bidoni, naye akaenda kuoga. Aliporudi bidoni lilikuwa limefurika hadi kwenye sakafu, na samaki saba wamelala ubavu katika maji ya vidole viwili. Wakati huohuo jirani, Mama Tshiela, akapiga kelele ng'ambo ya ua kwamba hata tope lililokuwa limebaki chini ya kisima chake limekuwa vumbi.

Stanislas alijitukana kidogo, akageuza kila kitu. Maji ya kioo yakapanda, samaki wakasimama sawa. Saa kumi Mama Tshiela alipiga kelele tena.

"Tata Stani! Kisima yangu iko na mayi! Inafika mu magoti!"

"Ah, muzuri," alijibu Stanislas, akachukua daftari lake la zamani la vipimo.

Kesho yake alichora mstari wa chaki kwenye kioo na kuteremsha kamba yenye jiwe katika kisima cha Laurentine, ambacho nacho kilikuwa kimerudi. Alichota kikombe kimoja kiooni, na kisima kikashuka kiasi cha mkono mmoja. Alipomimina kikombe, kisima kilipanda. Alifanya hivyo mara nne, akaandika mara nne, na angefanya ya tano kama mkewe asingemzuia.

"Tata Gloire, acha kuchezea. Utachokesha mayi."

Visima vya nyumba zote kumi na mbili za barabara ile vilirudi namna hiyo, na bidoni halikupungua ila kwa yale maji yaliyokunywewa na joto. Laurentine alifua mashuka yote ya nyumba, akayaanika, halafu akayafua tena kwa raha tu.

Wiki ya pili alikuja Gaston kutoka mgodini, kijana wa zamani wa Stanislas katika kazi ya pampu, sasa mkubwa wa idara. Alivua kofia ya kazi, akanywa maji, akaeleza kwamba shimo lao lilikuwa limeongezeka maji mita moja na nusu. Walikuwa wameyafuata na vyombo vyao kutoka upande wa Mutoshi, mgodi ulipo, na vyombo vimewaleta hapa sebuleni. Alipima kioo kwa futi, akaandika: lita sabini.

"Kazi ya muzuri, tata. Weye njo ulitufundisha," alisema. "Lakini mercredi tunafungula pompe ya nane."

"Na visima vya bantu?"

"Mu rapore tutaandika ni kiangazi. Sawa vile ulikuwa unaandika zamani."

Laurentine alikuwa amesimama mlangoni na sinia la karanga.

"Zamani gani?" aliuliza.

Gaston alitazama buti zake, akashukuru kwa maji, akaenda. Karanga hazikuguswa. Aibu ilimzidi Stanislas.

"Kisima yako, mi njo nilikausha," alisema. "Tulishusha pompe zile kubwa, ikachukua siku kumi na moja. Nikakuambia ni jua."

"Nilijua. Ulikuwa unarudia hapa na mabuti yenye mayi, na kisima yangu iko kavu. Nilikuwa nangoja useme."

"Miaka tisa?"

"Tisa."

Jumatano pampu ya nane iliamka. Boya lilishuka na halikupanda tena, na bidoni likaanza kwisha asubuhi na jioni. Visima vilishuka pole pole, vikasimama mahali bidoni lilipoweza kuvishikilia. Laurentine alileta bidoni tupu, akaliweka miguuni pa mumewe, akarudi jikoni.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza kupiga mabati, rapoti ilibandikwa ukutani pa ofisi ya komini, serikali ya mtaa: visima vya Dilala vimepungua kwa sababu ya kiangazi. Ilikuwa imechapwa vizuri, na mvua iliilowesha pembeni. Pampu nane zilisikika hata kanisani.

Tata Stanislas aliipita rapoti hiyo akiwa na mabidoni mawili, akaingia foleni bombani. Wanawake walisogea wampe nafasi, na mmoja akamwuliza kwa upole, mzee kama yeye anabeba maji ya nini mara mbili kwa siku.

"Ya samaki," alijibu, akasubiri zamu yake.